Kuhamisha uzi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto: maswali ambayo wafumaji huuliza mara kwa mara

Nilijifunza kufuma nikiwa darasa la tano, kwenye kipindi cha sayansi kimu, kwa spoku mbili za baiskeli zilizonolewa ncha kwenye jiwe. Mwalimu alitufundisha kushika uzi kwa mkono wa kulia, na hivyo ndivyo nilivyofuma kwa miaka 26: masweta ya watoto wachanga, kofia, soksi, masweta ya shule. Huku kwetu Njombe ikifika Juni baridi inakuwa kali kwelikweli, na mfumaji halali mapema. Miaka mitatu iliyopita nikaamua kujifunza upya, uzi ukiwa mkono wa kushoto. Tangu wenzangu waone nafuma hivyo, wananiuliza maswali yaleyale, sokoni, baada ya ibada, hata kwa simu usiku. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa urefu ule ninaoona kila moja linastahili.

Kwanza tuelewane: hiyo mitindo miwili inatofautiana wapi?

Mimi naiita kurusha na kuchota, kwa sababu majina hayo yanaeleza mkono unafanya nini. Katika kurusha, uzi uko mkono wa kulia. Unaingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi, unauzungusha uzi kwenye ncha yake, kisha unautoa. Katika kuchota, uzi umelazwa juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na unabaki hapohapo. Sindano ya kulia ndiyo inayoufuata: inaingia kwenye kitanzi, inapita juu ya uzi, inauchota na kutoka nao.

Kitambaa kinachotoka ni kilekile. Vitanzi vya laini (vile vinavyoonekana kama herufi V zilizopangwa) na vitanzi vya nundu (vile vyenye kijongo kwa mbele) vinabaki kuwa hivyohivyo. Mteja akishika sweta hawezi kujua uzi ulikuwa mkono gani. Mfumaji ndiye anayejua, kwa sababu mabega yake yanamwambia.

Kama tayari nafuma vizuri na wateja wanaridhika, kwa nini nijihangaishe?

Huenda huna haja. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona watu wameacha mkono wao mzuri wa miaka mingi kwa sababu tu mtu fulani aliwaambia ule mwingine ni wa kisasa. Ukifuma bila maumivu na kazi inakwenda, endelea.

Mimi nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni pindo lenye mbavu, lile la chini ya sweta na la mikononi, linalobana na kuachia. Ukifuma laini mbili, nundu mbili, kwa mtindo wa kurusha lazima uzi uupeleke mbele na uurudishe nyuma kila baada ya vitanzi viwili, na mkono wa kulia unazunguka sindano kila mara. Hesabu mwenyewe kwenye sweta la mtu mzima lenye vitanzi 220 kiunoni: mara 110 kwenye mstari mmoja uzi unavuka upande. Kwa kuchota, uzi unavuka kwa kuinamisha kidole tu.

Ya pili ni bega. Kila msimu wa oda ukiisha, bega langu la kulia lilikuwa halinyanyuki vizuri kusuka nywele za binti yangu.

Nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia miaka yote. Inasaidia?

Inasaidia kuliko kitu chochote, na hili ndilo ambalo ningependa kila mwanamke wa huku alisikie. Jiangalie unapofuma kitambaa cha kochi. Kroshia iko mkono wa kulia. Uzi uko wapi? Uko mkono wa kushoto, umezungushwa kidole cha mwisho, umepita chini ya vile viwili vya katikati na kutokea juu ya kidole cha shahada. Kroshia inauchota.

Basi hicho ndicho kitu chenyewe! Mkono wako wa kushoto umekwishajifunza kushika uzi, kuuachia kidogokidogo na kuukaza, umejifunza tangu ukiwa msichana. Unachoongeza ni sindano moja ya pili ya kushika kwa mkono huohuo. Nilihangaika wiki mbili nikijaribu kushika uzi kama nilivyoelekezwa kwenye picha, hadi siku moja nikachoka, nikachukua kroshia nimalizie kitambaa cha meza. Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Nikaiweka kroshia chini, nikachukua sindano mbili bila kubadilisha uzi ulivyokaa kwenye vidole, na mstari wa kwanza ukaenda.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza mazoezi, fuma mistari mitatu ya kroshia. Usitoe uzi vidoleni. Badilisha vifaa tu.

Mtindo huu umetoka wapi? Kuna mtu aliniambia ni wa Kijerumani.

Hakukosea sana. Ujerumani na Austria, nchi za Skandinavia na sehemu kubwa ya Ulaya Mashariki, wafumaji wengi wanashika uzi kushoto. Waingereza na Wamarekani wengi wanarusha kwa kulia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwenye nchi zinazosema Kiingereza, mtindo wa kushoto ulipoteza wapenzi kwa sababu ulihesabiwa kuwa wa Kijerumani. Mmoja wa waliourudisha kwa nguvu ni Elizabeth Zimmermann, mwanamke aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910, akaolewa na Mjerumani, wakahamia Marekani. Alifuma kwa kushoto na kuufundisha mtindo huo kwa vitabu na kwenye televisheni. Alifariki mwaka 1999.

Nalieleza hili kwa sababu linaonyesha kwamba mkono unaoshikia uzi mara nyingi ni suala la nani alikufundisha, na yeye alifundishwa na nani. Hakuna mkono uliozaliwa kuwa sahihi.

Nishike uzi vipi ili usiteleze?

Kama hujui kroshia, anza hivi. Uzi unaotoka kwenye donge uupitishe kati ya kidole cha mwisho na cha pete, uzungushe kidole cha mwisho mara moja, upite ndani ya kiganja chini ya kidole cha pete na cha kati, utokee juu ya kidole cha shahada. Kutoka kidoleni hadi kwenye sindano uache nafasi ya kama sentimita 2 tu. Watu wengi wanainua kidole juu sana kama wanaonyesha njia. Uzi unakuwa mrefu, unalegea, na kidole kinachoka. Kishushe. Kikae karibu na ncha ya sindano.

Ukiona uzi bado unakimbia, zungusha mara mbili kwenye kidole cha shahada. Ukiona unakaza hadi vitanzi havisogei, toa ule mzunguko wa kidole cha mwisho. Jasho nalo lina mchango: msimu wa joto uzi wa akriliki unashika kidoleni. Paka unga kidogo au nawa mikono, ukaushe, uendelee.

Mkono wangu wa kulia unaendelea kutafuta uzi. Nifanyeje?

Hiyo inatokea kwa kila mtu aliyefuma miaka mingi, na ndiyo maana mara nyingi mtoto anayeanza leo anaushika mtindo huu haraka kuliko fundi. Mtoto hana cha kusahau. Mkono wa fundi umekwisharudia tendo moja mara mamilioni, na ukiona sindano tu unaanza lile lile.

Dawa iliyonisaidia ni kubadilisha jinsi mkono wa kulia unavyoshika sindano. Zamani niliishika kama kalamu. Nikaanza kuishika kwa juu, kama unavyoshika kisu cha kukatia vitunguu, vidole vyote vimeikumbatia. Mkono ukishika hivyo, kidole cha shahada hakina nafasi ya kwenda kutafuta uzi. Baada ya siku kama nne ule mwendo wa zamani ulitulia.

Pia usibadilishabadilishe mitindo kwenye kikao kimoja wiki za mwanzo. Kama una oda inayokusubiri, ifume kwa mtindo wa zamani mchana, na mazoezi yawe jioni, kwa uzi mwingine na ukiwezekana kwenye kiti kingine. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mkono unajua mahali ulipo.

Vitanzi vya laini naviweza. Vya nundu vinanishinda kabisa. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Hapa ndipo watu wengi wanaacha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye kitanzi cha nundu uzi lazima uwe mbele ya kazi. Ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mbele. Uzi unapita juu ya sindano ya kulia na kushuka mbele yake. Sasa kidole cha shahada kinainama chini, kikiuvuta uzi ukaze kwenye sindano, na hapo ndipo sindano inarudi nyuma na kutoka na uzi. Wanaoshindwa wanasahau kuinamisha kidole. Uzi unakaa umelegea, sindano inarudi nyuma bila kitu, na kitanzi kinadondoka. Jaribu kutumia kidole gumba cha kushoto kuubana uzi kwenye sindano kwa mara za mwanzo. Si kwa maisha yote, ni hadi kidole cha shahada kizoee.

Njia ya pili ni kuuchota uzi kutoka chini badala ya kuupitisha juu. Sindano inaingia, inazama chini ya uzi, inauvuta nyuma. Ni rahisi mno, utashangaa. Lakini ina gharama yake: kitanzi kinakaa kwenye sindano kimegeuka, guu lake la kulia liko nyuma badala ya mbele. Mstari unaofuata lazima ukifume kwa kupitia guu la nyuma. Wafumaji wengi wa Ulaya Mashariki wanafuma hivyo maisha yao yote na kazi zao ni safi. Ukichagua njia hii, ichague kwa kujua.

Ushauri wangu kwa anayeanza: wiki ya kwanza usifume nundu kabisa. Fuma laini tu kwenda na kurudi, upate kile kitambaa chenye mawimbi pande zote mbili. Wiki ya pili fuma kofia kwa mzunguko, kwa sindano ya waya (ncha mbili zilizounganishwa kwa waya unaopinda) au sindano nne au tano zenye ncha mbili. Kwenye mzunguko hugeuzi kazi, kwa hiyo kofia nzima ni laini. Utapata kitu cha kuvaa na mkono utakuwa umezoea. Ndipo uanze nundu.

Vitanzi vyangu vinatoka vimepiga msalaba miguu. Ni nini?

Vimesokoteka. Karibu kila mara sababu ni ile niliyoeleza: nundu umezichota kutoka chini, kisha mstari wa laini umefuma kwa guu la mbele kama ulivyozoea. Kabla ya kuingiza sindano, tazama guu lipi liko karibu na ncha ya sindano ya kushoto. Fuma kupitia guu hilo, liwe mbele au nyuma, na kitanzi hakitasokoteka.

Kwenye kupunguza vitanzi pia uwe macho. Vitanzi vikiwa vimegeuka, ukivifuma viwili pamoja kwa nyuma vinalala kushoto, safi. Ukitaka vilale kulia lazima kwanza uvigeuze kimoja kimoja kwenye sindano. Wanaofuma shingo za V wanajua kwa nini nasema hili.

Shikamoo mama. Nimefuma sweta kwa mtindo mpya, vipimo vilevile, limetoka kubwa kama la baba mkwe. Tatizo ni nini?

Marahaba mwanangu. Tatizo ni mkazo wa uzi. Mkono mpya haukazi kama ule wa zamani, na tofauti unayoiona ndogo kwenye vidole inakuwa kubwa kwenye kifua.

Tufanye hesabu. Chukua sweta la kifua cha sentimita 100. Mkono wako wa zamani unatoa vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo unaanzisha vitanzi 220. Mkono mpya umelegea, unatoa vitanzi 20 kwa sentimita 10. Vitanzi vilevile 220 sasa ni sentimita 110. Umeongeza sentimita 10 nzima bila kuongeza kitanzi hata kimoja. Na mkono ukikaza hadi 24, sweta linakuwa chini ya sentimita 92, mtu hawezi kuvaa shati ndani.

Mimi lilinipata kwa njia mbaya zaidi. Nilikuwa nafuma sweta la mtoto wa dada yangu, la rangi ya maziwa. Mkono wa kwanza wa sweta nilishaumaliza kwa kurusha. Wa pili nikaona nimeshakuwa hodari, nikaufuma kwa kuchota. Vitanzi 48 huku, 48 kule. Nilipoilaza pamoja mezani, mkono wa pili ulikuwa mpana kwa karibu sentimita 2, na mbavu zake zimelala, hazibani. Nilifumua mkono mzima usiku ule. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi, ikabidi niuoshe, niutundike ukiwa na uzito chini, nisubiri siku mbili ukauke. Mtoto alivaa sweta lake kwenye ubatizo, lakini mimi nilikuwa nimeshona mkono asubuhi ya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo sheria zangu ni hizi. Usibadilishe mtindo katikati ya vazi, hata kama limebaki pindo tu. Kabla ya vazi lolote kwa mkono mpya, fuma kipande cha majaribio cha angalau sentimita 15 kwa 15, kioshe, kikaushe, kisha pima sentimita 10 za katikati. Ukipata vitanzi pungufu, teremka sindano nyembamba zaidi. Ukipata zaidi, panda nene. Na kila baada ya mwezi mmoja rudia kipande hicho, kwa sababu mkono unaojifunza hautulii. Unakaza kadiri unavyozoea.

Nyuma ya kitambaa naona mifereji, mstari mmoja umebana na mwingine umeachia. Ni kasoro?

Ni mkazo tofauti kati ya mistari ya laini na ya nundu. Kwa kuchota, wengi wetu nundu zinalegea. Kuna wanaotumia sindano mbili za unene tofauti, nyembamba kwa mistari ya nundu, na inafanya kazi. Kuchota nundu kutoka chini pia kunatibu, maana uzi unaotumika ni mfupi kidogo.

Mfano (maelekezo ya kufuma vazi) unasema sindano namba 8, lakini ninayo namba 8 na kazi haifanani. Mbona?

Kwa sababu namba si moja dunia nzima. Namba za zamani za Uingereza, ambazo utazikuta kwenye sindano nyingi za bibi zetu, zinapungua unene namba ikipanda: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 12 ni milimita 2.75. Za Marekani zinakwenda kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa, na namba 8 yao ni milimita 5. Mifano mingi ya mtindo wa kuchota inatoka Marekani na Ulaya, kwa hiyo tazama milimita peke yake. Kama sindano haina maandishi, toboa tundu kwenye kadi ngumu kwa sindano unayoijua, ulinganishe.

Nijifunzie kwa uzi gani?

Wa rangi ya mwanga, usiwe mweusi wala wa bluu ya kiza, kwa sababu unahitaji kuona miguu ya vitanzi. Uwe laini na wa unene wa kati, na sindano za milimita 4.5 au 5. Sindano za mianzi au mbao ni bora kwa anayeanza. Za chuma zinateleza na vitanzi vinakimbia kabla kidole hakijavishika.

Uzi unaotoka kwenye sweta la mitumba lililofumuliwa ni mzuri na ni rahisi bei, na wengi wetu ndio tunaoutumia. Ila uoshe kwanza uutundike ukiwa na uzito. Ule mkunjomkunjo unakwama kidoleni, na utadhani wewe ndiye unayeshindwa kumbe ni uzi.

Itanichukua muda gani?

Kwa dakika 15 hadi 20 kila siku, wengi niliowafundisha wanafuma laini bila kufikiri ndani ya wiki mbili, na nundu ndani ya mwezi. Mbavu zinachukua zaidi. Kufuma vazi la kuuza, mimi nilisubiri miezi mitano.

Dakika chache kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Mkono ukichoka unarudi kwenye ule wa zamani, na unajifunza kukosea. Na kuna jambo nililoliona mara nyingi: unakwenda kulala umekasirika kwa sababu mstari haukai, kesho asubuhi unashika sindano na mkono unaenda. Usingizi unafanya kazi yake.

Ni kweli kuchota kuna kasi zaidi?

Kwa mbavu, kwangu mimi, ndiyo. Kwa kazi nyingine inategemea mtu. Hazel Tindall, mwanamke wa visiwa vya Shetland huko Uskoti, mwaka 2008 alishinda mashindano ya kasi kwa kufuma vitanzi 262 katika dakika 3. Mtindo wake ni wa kwao Shetland, wenye mkanda wa ngozi kiunoni uliojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano ya kulia inachomekwa kwenye tundu, inasimama yenyewe, na mkono wa kulia unabaki huru kuuendesha uzi. Kwa hiyo anayekuambia uzi wa kulia lazima uwe wa polepole hajawaona watu wa Shetland. Miriam Tegels wa Uholanzi alifuma vitanzi 118 kwa dakika moja mwaka 2006. Hao wote walifika hapo kwa miaka ya kurudia mwendo mmoja mdogo bila kuupoteza.

Ukitaka kasi, punguza mwendo wa mkono. Tazama mkono wako kwenye kioo ukiwa unafuma. Kiwiko kikisogea, kuna kazi unafanya bure.

Vidole vinakufa ganzi. Niendelee?

Acha. Si kesho, leo. Kuchoka ni kawaida kwa sababu misuli ya mkono wa kushoto inafanya kazi ngeni, na uchovu unaisha kwa kupumzika. Ganzi, kuchomachoma kama sindano usiku, au maumivu ya kifundo yasiyopoa kwa siku kadhaa, hayo ni ya kumpelekea mganga wa hospitali. Nimeona mfumaji mwenzangu akivumilia hadi akawa hawezi kufungua kifuniko cha chupa.

Kwa wanaoumwa vidole, kuna mtindo wa tatu ambao ningeutaja: uzi unapitishwa nyuma ya shingo, au kwenye kipini chenye kulabu kilichobandikwa kifuani, na kidole gumba cha kushoto kinausukuma tu juu ya sindano. Unatumika Ureno, na pia kwenye milima ya Peru na Bolivia. Shingo ndiyo inayoshika mkazo, si vidole. Katika mtindo huo nundu ni rahisi kuliko laini, na wengi wanafuma kazi nzima kwa upande wa nundu, kisha wanaigeuza.

Mama yangu ana miaka 68. Je, anaweza kuanza sasa?

Anaweza. Mama mmoja jirani, mkubwa kuliko huyo, alikuja na sindano zake akasema anataka kufuma soksi za wajukuu bila kuumwa bega. Sikumweleza chochote cha kitaalamu. Nilikaa nyuma yake, nikapitisha mikono yangu kando ya mikono yake, tukafuma mstari mmoja mikono minne pamoja. Mstari wa tatu niliachia, na yeye akaendelea. Mpe mwanga wa kutosha, uzi mweupe, na usimharakishe.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Hivi vyote vinanihusu?

Vinakuhusu zaidi. Mashoto wengi walifundishwa kurusha kwa kulia wakateseka, au wakafuma kinyume, na kila mfano wakausoma kinyumenyume. Kwa kuchota, mkono wako wenye akili ndio unaoshika uzi. Jaribu kabla ya kukata tamaa.

Nikijifunza huu, ule wa zamani nitausahau?

Hapana. Utasita siku chache ukirudi, kisha utakuja. Na siku utakapofuma rangi mbili, utafurahi kuwa nayo yote: uzi mwekundu mkono wa kulia unaurusha, mweupe mkono wa kushoto unauchota, na donge moja halimgusi mwenzake. Zamani nilikuwa nasimama kila mistari miwili kuzitenganisha nyuzi zilizosokotana. Sasa nafuma kofia yenye misalaba ya rangi mbili kuanzia pindo hadi kilele, na nyuzi zinatoka kwenye kikapu kila moja kwa upande wake.

Binti yangu anataka kuanza. Nimfundishe upi?

Mpe kroshia kwanza, ajue kushika uzi. Baada ya hapo mpe sindano mbili, ukae naye, umwache achague. Wangu alichagua kushoto. Mdogo wake alikataa kata kata, anarusha kama nilivyorusha mimi na zile spoku, na mbavu zake zimenyooka.